Utamu Nje ya Utando

Baba yangu havuti sigara, wala mimi sivuti, lakini nimenunua pakiti nyingi kiasi kwamba mwenye duka karibu na msikiti, hapa mtaa wa Tuwan, Kitale, alikuwa akiniona tu anaweka moja juu ya kaunta kabla sijaomba. Siku moja aliweka mkono juu ya pakiti akakataa kuiachilia.

"Binti, mimi ni kama babako," alisema. "Hizi sigara zinaenda wapi na wewe hunuki?"

Nilimwambia ukweli, na ukweli ukasikika kama uongo wa mtu asiyejua kudanganya. Nilisema nataka kile kichungi tu, ile sehemu nyeupe ya mdomoni. Tumbaku nampa soja anayelinda ploti yetu.

"Ati unanunua ng'ombe ndio uchukue mkia," alisema, akaniachia pakiti. "Basi huyo soja aniombee na mimi nipate jirani kama wewe."

Nilitembea hadi chumbani kwangu nikiwa nimekasirika, si kwa sababu alinicheka, bali kwa sababu sikumweleza vizuri. Usiku nilipanga upya yale maelezo kichwani hadi yakanyooka, nikawa tayari kumweleza mtu ambaye hakuwa ameuliza tena. Ndivyo nilivyo. Ujumbe mfupi wa simu naufuta mara kadhaa kabla ya kuutuma. Kazini, kwenye duka la kupiga chapa na kutoa nakala, mteja huchukua karatasi zake na kuondoka, nami hubaki nikiwaza kama pambizo zilikuwa sawa.

Maelezo yenyewe, kwa yule mwenye duka, yangekuwa haya. Kichungi cha sigara si pamba. Ni polima iliyotengenezwa kutokana na miti, nyuzi nyembamba zilizobanwa pamoja. Ukiichambua na kuitia katika asetoni, ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, inayeyuka na kuwa uji mzito unaong'aa. Ukiumwaga uji huo juu ya kioo, ukautandaza kwa chuma laini, kisha ukazamisha kioo chote katika maji baridi, jambo linatokea ambalo sijachoka kulitazama. Asetoni inatoka mbio na maji yanaingia mbio, na palipokuwa na kitu kama glasi panageuka peupe kama maziwa. Baadaye utando mwembamba unabanduka wenyewe na kuelea. Utando huo umejaa vitundu. Huvioni. Ukigawanya milimita moja mara milioni, unaanza kukaribia kipimo chake. Na polima ya jamii hiyohiyo imetumika kutengenezea machujio ya kusafisha damu ya watu ambao figo zao zimekufa.

Figo za baba zilikufa. Sukari ndiyo iliyozimaliza, polepole, wakati sisi tukidhani ni uchovu.

Baba anakaa Kamukuywa, nyumbani. Maisha yake yote alikuwa na mashine ya kupukuchua mahindi, akiivuta kutoka shamba hadi shamba wakati wa mavuno, mpaka huku Kitale. Sasa mashine imesimama chini ya mabati na kuku wanalala ndani yake. Mara mbili kwa wiki alikuwa akipelekwa Bungoma mjini kusafishwa damu, na siku nilizopata ruhusa kazini nilikutana naye huko, nikakaa kando ya kitanda chake kwa saa zote ambazo damu yake ilikuwa ikizunguka nje ya mwili.

Sista, muuguzi wa pale, alikuwa mpole. Mara ya kwanza alituonyesha chujio, mcheduara wa plastiki uliosimama kando ya mashine, mwekundu. Alisema ndani yake kuna mirija maelfu, kila mmoja mwembamba kama unywele, na kuta za mirija zina vitundu. Damu inapita ndani ya mirija, maji maalumu yanapita nje yake, na uchafu unavuka kupitia vile vitundu.

Baba alicheka aliposikia mirija. Ana mrija wake wa busaa, ile pombe ya nafaka ambayo wanywaji huizunguka chunguni, mrefu, wenye kichujio kidogo kilichosukwa kwenye ncha ili makapi yasipande. Umening'inia ukutani tangu daktari alipompimia maji ya kunywa kwa kikombe kidogo, kwa kuwa figo zake hazitoi tena maji. "Kwa hivyo wamekuja kunywa kwangu," alimwambia sista. "Mimi ndio chungu."

Lakini kicheko hicho hakikudumu. Baada ya kila safari alirudi nyumbani akiwa amekunjamana, hawezi kuinua hata beseni. Na kwa kuwa ni mtu wa chekeche, alianza kulifikiria lile chujio kama chekeche. Siku moja alimwuliza sista yale maji ya nje yanakwenda wapi yakishabeba uchafu. Sista akasema yanamwagwa, yanashuka na bomba.

"Na nani anaokota?" baba akauliza.

Sista hakuelewa. Mimi nilielewa. Kila shamba ambalo mashine ya baba ilipukuchua mahindi, lundo la makapi lilibaki nyuma, na kina mama walikuja na nyungo zao kuliokota. Kila mara walipata mahindi mazima. Wenye mashamba walilalamika, na baba aliwaambia kwamba hakuna chekeche inayojua kuchagua. Inapitisha kinachoenea tundu. Ukikaza tundu, makapi yanabaki kwa mahindi. Ukilegeza, mahindi yanaenda na makapi. Sasa akawa anatuambia mama na mimi kwamba kila wiki anapepetwa, na nguvu yake inashuka na bomba, na hakuna anayeokota. Alisema mavuno yakiisha ataacha kwenda.

Sote tulijua maana ya kuacha. Daktari alikuwa ameshatuambia bila kuzunguka.

Mama alilia, mzee wa kanisa akaja kusema naye, ndugu zake wakaja. Aliwasikiliza wote kwa heshima. Mimi, ambaye siwezi kusimama mbele ya watu wazima nikazungumza bila sauti kutetemeka, nilimwambia jambo moja tu. Nilimwambia nitamtengenezea hicho kitu akione kwa macho yake, aone kwamba kizuri kinabaki na kibaya kinatoka. Akionyeshwa, je, ataendelea?

"Mama," alisema, maana huniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, "ukinionyesha, nitaendelea."

Sikusoma chuo. Kidato cha nne kilikuwa mwisho wangu. Nilichojua nilikipata kwenye simu, na sehemu kubwa ya makala za utafiti zimefungwa, hufunguliwi mpaka ulipe, kwa hiyo unasoma muhtasari tu. Kemia yangu ni kemia ya muhtasari. Ni kama mtu aliyejifunza nyumba za watu kwa kusimama milangoni. Nilijua kwamba watu wanatengeneza polima zenye vitundu vya kuchuja chumvi baharini, vya kunasa gesi, vya kupitisha dawa mwilini kidogokidogo. Nilijua maneno. Nilichokuwa sijui ni mambo ambayo hayaandikwi: kwamba siku ya mvua utando huharibika kwa sababu hewa yenyewe ina maji na huanza kuugeuza kabla hujauzamisha, kwamba kidole chenye mafuta kidogo kikigusa kioo, pale palipoguswa patatoboka, kwamba utando haupaswi kukauka kamwe, kwa sababu ukikauka vile vitundu vinajifunga na havifunguki tena.

Niliharibu nyingi. Nyingine hazikuwa zimeharibika, nilizitupa tu. Nilikuwa nainua kila utando dirishani, nautafuta mwanga unaochungulia, na nikiona nukta moja, hata kama ni ya kudhani, nautupa. Nikapata mmoja mzuri, nikautupa kwa sababu ukingo wake haukuwa umenyooka. Najua ukingo hauchuji kitu. Niliutupa hata hivyo, kisha nikakaa sakafuni nikihesabu wiki zilizobaki za mavuno kwa kuangalia matrekta yanayopita barabarani yamebeba magunia. Yalikuwa yakipungua.

Jaribio nililolichagua ni lile la darasani, nililolikumbuka kutoka sekondari. Unaweka uji mwepesi upande mmoja wa utando na maji safi upande wa pili. Wanga wa uji ni mkubwa, haupiti. Kisha unadondosha ayodini, ile dawa ya kidonda ya rangi ya kahawia, katika maji. Ayodini ni ndogo, inavuka, na ikikutana na wanga inageuka buluu nzito karibu nyeusi. Kwa hiyo upande wa uji unakuwa mweusi, na upande wa maji unabaki vilevile. Kidogo kimepita, kikubwa kimebaki. Hata mtoto angeona. Nilifanya chumbani kwangu kwa unga wa muhogo na likafanya kazi. Nilipiga makofi peke yangu, halafu nikanyamaza nikiogopa majirani.

Nilikwenda Kamukuywa na utando wangu ukiwa ndani ya kopo la maji, nimelikumbatia kama yai. Baba alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba kidogo. Nilikata shingo ya chupa, nikafunga utando kwenye mdomo wake kwa mpira, nikaugeuza chini ndani ya bilauri ya maji ya kunywa. Nilimwomba mama anipe uji mwepesi, uliopoa. Akanipa. Nikaumimina ndani. Nilimwambia baba tungoje kwanza, aone jinsi uji wote unavyokaa juu ya utando, hakuna unaovuja, ndipo nitie dawa. Nilitaka afike kwenye ile buluu akiwa tayari anaamini nusu. Nilikuwa nimelipanga hivyo kwa siku nyingi.

Tulingoja tangu chakula cha mchana hadi ng'ombe wakarudi. Uji ulikaa. Maji ya bilauri yalibaki meupe, hayana hata wingu. Niliona baba anayatazama tofauti na alivyokuwa akitazama mambo siku hizo. Alivuta kiti karibu. Akainama.

Kabla sijajua anachofanya, alichovya kidole ndani ya yale maji akakilamba.

Alikichovya tena.

"Mama," akasema, "onja."

Nilichovya. Ulikuwa utamu mdogo, wa mbali, lakini ulikuwepo.

"Si ulisema uji haupiti?"

"Uji haujapita, baba. Angalia maji, ni safi."

"Maji ni safi," alisema. "Utamu ndio umepita." Alipangusa kidole kwenye suruali. "Hata makapi ukiyaangalia kwa mbali huoni mahindi."

Mama alisimama mlangoni na kitambaa mkononi, akitutazama kwa zamu. Nilimwuliza ametia nini kwenye uji. Alishangaa kwamba anaulizwa kitu kama hicho na binti aliyelelewa humohumo jikoni. Sukari haiingii tena nyumbani kwetu, kwa sababu ya baba. Kwa hiyo yeye hutia kimea, ule unga wa wimbi iliyooteshwa na kukaushwa, unaouzwa sokoni kwa ajili ya busaa. Kimea hulegeza uji na kuufanya mtamu bila sukari.

"Uji bila kimea ni gundi," mama alisema. "Sasa ningekupa gundi?"

Nilipaswa kujua. Kimea hufanya nini? Hukatakata wanga, hugeuza ule mkubwa kuwa sukari ndogo. Ndiyo maana busaa inakuwa busaa. Utando wangu haukukosea. Ulifanya kile hasa ulichotengenezwa kufanya: kikubwa ulikizuia, kidogo ukakiachia. Na sukari ni ndogo.

Nilimweleza baba hayo yote. Nilimweleza vizuri, kwa mara moja maishani maneno yalikuja yamenyooka. Nilimwambia kule Bungoma wanajua sukari ni ndogo, kwa hiyo katika yale maji ya nje wanatia sukari pia, na chumvi za mwili, ili pande mbili zilingane na ya damu isitoroke. Alisikiliza kwa makini kabisa, kama alivyokuwa akisikiliza injini ya mashine yake. Halafu akauliza swali ambalo ningeuliza mimi.

"Na kila kizuri kilicho kidogo, wamekitilia mwenzake huko ng'ambo? Kila kitu?"

Nilikuwa nimesoma. Muhtasari, lakini nilikuwa nimesoma. Vitamini nyingine hutoka. Vipande vidogo vya protini hutoka. Ndiyo sababu wengine hupewa vidonge baadaye. Ni kidogo, na si hicho kinachomuua mtu, kinachomuua mtu ni kutokwenda. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, ndiyo, na lingekuwa uongo mdogo usioonekana kwa macho.

"Si kila kitu," nilisema.

Alitikisa kichwa taratibu. "Asante kwa kuniambia," alisema. Hakusema kwa hasira. Nadhani alifurahi kidogo, kama mtu ambaye watu wote wamekuwa wakimwambia mashine yake haina kelele, na mmoja amekubali kwamba anaisikia.

Nilipoongeza kwamba vidonge vipo na kwamba kutokwenda ni kifo, alikuwa ameshainuka kwenda kufunga kuku.

Nimejiuliza sana kama niliusema ukweli kwa ajili yake, au kwa sababu siwezi kuacha sentensi yenye kasoro ikapita. Sijui. Watu hudhani wanaopenda usahihi wanapenda ukweli. Mimi naogopa tu kukosea.

Wiki hiyo mama alinipigia simu nikiwa dukani, mteja akingoja nakala zake. Gari la jirani lilikuwa limekuja kumchukua, baba amekataa kutoka. Amevaa, amekaa kitandani na viatu, lakini amekataa. Gari lingine lilipokuja mwisho wa wiki hakuvaa hata viatu. Sista wa Bungoma alipiga simu. Mzee wa kanisa alirudi. Aliwaambia wote kwamba hana ugomvi na mtu.

Mimi huku Tuwan nilinunua sigara tena. Mwenye duka aliniangalia usoni, hakunitania. Nilitengeneza utando mwingine, na mwingine, na mikono yangu kwa namna nisiyoielewa ilikuwa imetulia. Mmoja ulitoka bila nukta, bila kunjo, ukingo umenyooka kama umekatwa kwa wembe. Niliuinua dirishani na sikupata kosa. Nilikuwa nimeungoja utando huo tangu mwanzo.

Nilipofika Kamukuywa, baba alikuwa amelala kwenye kochi sebuleni. Uso ulikuwa umejaa, na nilipomgusa mguu kidole changu kiliacha shimo lililokawia kufunguka. Pumzi ilikuwa fupi. Alinikaribisha, akauliza habari za kazi, akaomba aketishwe ili aone.

Safari hii nilipika mwenyewe, muhogo mtupu na maji, sikumruhusu mama kusogea. Niliumimina uji huo chupani. Nikatia ayodini upande wa maji, tukangoja. Na buluu ikaja. Ilianza chini kabisa, pale utando ulipo, moshi wa buluu, ukapanda ukikolea mpaka ndani ya chupa pakawa peusi kama mawingu yanayoshuka Mlima Elgon kabla ya mvua. Na nje, katika bilauri, maji yalibaki na rangi ya chai hafifu. Hakuna hata tone la buluu lililovuka.

"Imeshika," baba alisema.

"Imeshika wanga wote, baba. Umeona?"

"Nimeona. Ni kazi safi, mama. Sijaona chekeche safi hivi." Alipumzika, akitafuta pumzi. "Lakini ule wa siku ile ndio ulikuwa uji."

Damu ya mtu si muhogo mtupu na maji. Ina utamu wake, ina kila kitu kilicholiwa na kilichopikwa na mtu mwingine kwa mapenzi, vikubwa na vidogo vimechanganyika. Jaribio langu lilikuwa kamili kwa sababu nilikuwa nimekiondoa kila kitu ambacho kingeweza kupotea.

Nilikuwa nimeshamwaga ule uji mweusi na kuufungua utando mkononi, mama alipoingia na uji wa jioni. Hakumletea baba kile kikombe kidogo cha daktari. Alileta kile kikubwa cha bati, cha zamani, alichokuwa akinywea baba akitoka mashambani, na kilikuwa kimejazwa hadi ukingoni. Niliunusa kimea kutoka nilipokaa. Mama hakunitazama.

Baba alinyoosha mikono, hakuweza kukiinua. Akanigeukia mimi, si mama, akangoja, kama anayeomba ruhusa kwa mtu wa hospitali.

Niliweka utando wangu mezani. Nilijua ukikaa hapo bila maji utakauka, na vile vitundu vitajifunga. Nikasogea, nikamshikia kikombe.